Kadi ya Wati Hamsini

Kwa siku nne mfululizo Rula hakuweza kukaa kitako zaidi ya dakika kumi. Akikaa mbele ya kompyuta, anainuka kwenda kutazama maji jikoni. Akifika jikoni anasahau alichokifuata, anafungua kabati, analifunga, anarudi. Akirudi anasimama mlangoni pa chumba cha baba yake, anatega sikio, kisha anakwenda dirishani kuchungulia barabara kama mtu anayengoja mgeni, na hapakuwa na mgeni yeyote aliyeahidi kuja.

Jina la Rula alipewa na wenzake wa ofisini enzi hizo, kwa sababu mstari ukipinda kwa upana wa unywele yeye anauona, na chakula hakimpiti kooni mpaka aunyooshe. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Alichora miaka kumi na moja katika ofisi ya watu, halafu mapafu ya baba yake yalipoanza kumtupa mkono, akaomba kazi za kufanyia nyumbani na kuhamishia meza yake sebuleni. Mama yao alikwishatangulia mbele ya haki. Kaka mkubwa alikuwa mbali, na mchango wake ulikuwa kupiga simu kila Jumapili kutoa ushauri. Kwa hiyo ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, yeye na Baba.

Baba alikuwa fundi umeme, na ole wako umwambie amestaafu. "Fundi hastaafu," atakujibu, "anapumzika." Miaka arobaini alitoboa kuta za watu apitishe nyaya, akavuta vumbi la saruji, na juu ya vumbi akaongeza sigara. Sasa alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyosimama kando ya kitanda chake, kubwa kama kabati la viatu, yenye mrija mrefu unaoishia puani. Umeme ukikatika, nao ulikuwa ukikatika karibu kila alasiri, inveta iliyofungwa ukutani inachukua umeme wa betri mbili kuukuu na kuupeleka kwenye mashine. Betri hizo hizo ndizo zilizoibeba kompyuta ya Rula. Bandu bandu huisha gogo, na betri nazo zilikuwa zimebanduliwa vya kutosha: zamani zilimaliza saa tano, siku hizi zikifika tatu ni za kushukuru.

Wasiwasi wote huo uliletwa na mkandarasi mmoja, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, aliyekuwa akijenga nyumba za kuuza. Alikuja Alhamisi, akakataa chai, akazungumza akiwa amesimama.

"Dada Rula, ramani zako nzuri, sina neno. Lakini wateja wangu hawasomi ramani. Ukiwaonyesha mstari, wanaona mstari. Mimi nataka mtu aione nyumba yenyewe. Aingie mlangoni, azunguke jikoni, atoke na uani. Picha inayotembea. Nyumba tatu za mfano, nusu dakika kila moja. Ijumaa ijayo. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Rula. Neno lilimtoka kama chafya, halikuomba ruhusa.

Mkandarasi alipoondoka ndipo akaiangalia kompyuta yake. Ilikuwa ya mezani, kasha jembamba kama kitabu kilichosimamishwa, ya ofisini, aliyoinunua kwenye mnada wa vitu chakavu. Kwa mistari ilikuwa haina mpinzani. Ila alipoipa nyumba ya pande tatu, yenye urefu, upana na kimo, na kuitaka iigeuze, ilianza kupuliza kama mtu aliyepanda ngazi, kisha ikaganda. Alijaribu picha moja tu iliyosimama. Dakika arobaini. Na kila sekunde ya picha inayotembea ilihitaji picha ishirini na nne. Hata Rula, ambaye hesabu haikuwahi kumtisha, aliiacha hesabu hiyo katikati.

Alichokosa alikijua: kadi ya picha, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili kazi ya kuchora ibebwe na yenyewe, kompyuta ibaki na mengine. Ila kadi ipi? Ijumaa, Jumamosi na Jumapili alisoma kwenye simu mpaka macho yakamwasha. Huyu anaisifu kadi hii, yule anaitukana hiyo hiyo. Kaka mkubwa alipopiga simu Jumapili alikuwa na jibu tayari, kama kawaida yake.

"Nunua kubwa moja kwa moja. Ukinunua ndogo utalia mara mbili."

"Na umeme je, kaka?"

"Umeme wa nini? Si mna inveta?"

Rula alitazama mlango wa chumba cha Baba, akateremsha sauti. "Haya, nitaangalia."

Hakuwa amemwambia Baba neno. Aliogopa jambo moja tu: mzee akijua kwamba kazi inataka umeme zaidi, atataka kutoa wake.

"We mama," Baba aliita siku hiyo kutoka kitandani, kwa maana tangu utotoni alimwita binti yake mama. "Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Kazi tu, Baba."

"Kazi gani inafanywa kwa miguu?"

Rula alicheka, akaenda jikoni, akafungua kabati, akalifunga.

Jumatatu asubuhi alikwenda dukani. Lilikuwa duka refu na jembamba, kompyuta zimepangwa ukutani kama matofali, na muuzaji amekaa nyuma ya kaunta ya kioo akila karanga. Alimsikiliza Rula kwa nusu sikio, kisha akainama na kuibuka na kitu kizito chenye feni mbili.

"Dada, hili ni dume," alisema. "Limetumika kidogo tu. Ukiweka hili, hiyo nyumba yako itakimbia."

"Linakula umeme kiasi gani?"

"Aa, si sana. Likishughulika, mia na themanini."

"Wati mia na themanini?"

"Ndiyo ukubwa wenyewe. Utahitaji na pawasaplai kubwa, kile kisanduku cha kuigawia kompyuta umeme, maana hiyo yako ya ofisini haiwezi kulilisha. Na kasha pana. Kasha ninalo."

"Na ndogo huna? Isiyotaka waya wa ziada?"

Muuzaji alitoa kadi fupi, nyembamba kama sabuni iliyokwisha, akaiweka kauntani bila heshima yoyote. Bei aliyoitaja ilizidi ya dume.

"Yaani ndogo ghali kuliko kubwa?"

"Vyembamba vina soko, dada. Wenye kompyuta nyembamba ni wengi, kadi fupi ni chache. Chagua wewe. Ila mimi, kama ndugu yako, nakwambia dume."

Rula aliishika moja, akaiweka, akaishika nyingine. Kwa dakika ishirini alisimama pale huku wateja wawili wakija na kuhudumiwa na kuondoka. Moyo wake ulikuwa na haraka na miguu yake haikutaka kutoka. Mwishowe alimwomba muuzaji amshikie lile dume mpaka kesho. Alitoka akiwa amechagua, na kabla hajafika mwisho wa mtaa akawa hajachagua tena.

Alasiri ile umeme ulikatika saa tisa na robo. Inveta ikabofya, kompyuta ikaendelea, na chumbani kwa Baba redio ikapandishwa sauti. Ilikuwa redio ndogo ya mawe, isiyotegemea umeme wa nyumba, na mzee alikuwa na tabia ya kuifungulia kwa nguvu kila umeme unapokatika. Rula alidhani ni njia yake ya kuua wakati. Aliendelea kuhangaika na nyumba iliyoganda, kisha akataka kumpigia mkandarasi amwombe siku mbili za nyongeza, akaitafuta simu mezani, chini ya karatasi, jikoni. Akakumbuka ameiacha chumbani kwa Baba alipompelekea dawa.

Aliingia bila kubisha. Redio ilikuwa ikipiga kelele za mpira. Baba alikuwa ameketi wima, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Mrija ulikuwa juu ya mto. Mashine ilikuwa imezimwa.

"Baba!"

Mzee alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Inapumzika kidogo," alisema, na maneno hayo mawili yalimgharimu pumzi tatu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

Rula alibonyeza swichi, akamvisha mrija, akambana kidoleni kile kipimo kidogo cha hewa. Themanini na nne, na kawaida yake ni tisini na zaidi. Alikaa ameshika mkono huo, akitazama namba. Themanini na sita. Themanini na tisa. Ilipofika tisini na mbili aliizima redio.

"Tangu lini?"

"Si kila siku."

"Baba, nimeuliza tangu lini."

"Mwezi uliopita. Siku ile kompyuta yako ilipozimika ukapoteza kazi, ukalia kule jikoni ukidhani sisikii." Alivuta hewa. "Mashine yangu inakula mia tatu na hamsini. Kompyuta yako na skrini yake haifiki mia na ishirini. Nikikaa bila mashine saa moja, wewe unapata saa tatu. Mimi ni fundi, hesabu ninaijua."

"Nani alikwambia nazitaka hizo saa tatu?"

"Nani alikwambia mimi nataka kukukalia shingoni?"

Rula alitoka mpaka uani. Alizunguka kamba ya nguo mara nne, mara tano. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kutua: akimkasirikia mzee, anamwonea, akijikasirikia mwenyewe, haimsaidii mtu. Mwezi mzima amekuwa akipita mlangoni pale na kutega sikio, akasikia redio na kuridhika. Na asubuhi hii hii ametaka kuleta ndani ya nyumba mdudu wa wati mia na themanini.

Alirudi chumbani. "Nampigia mkandarasi," alisema. "Kazi hii naiacha."

Hapo Baba ndiye aliyekasirika. Mtu mwenye pumzi nzima angepiga kelele. Yeye alisema polepole, na ilichoma zaidi. "Ukiacha kazi hii, na ijayo utaiacha. Halafu siku nikifa watu watasema mzee alimfia binti yake mikononi, baada ya kumuua yeye kwanza. Lete karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nimeficha langu, wewe umeficha lako. Siku nne unazunguka nyumba hii, unadhani mimi kipofu? Lete karatasi tupange mizigo ya umeme."

Rula alileta ramani ya zamani, wakatumia mgongo wake. Baba alitaja, yeye akaandika. Inveta inabeba wati mia sita, basi. Mashine ya oksijeni, mia tatu na hamsini. Kompyuta na skrini, mia moja na kumi na tano. Friji, pasi, taa za nje: hizo zilikwishatolewa kwenye inveta zamani.

"Sasa hiyo kadi yako inakula ngapi?"

Rula alisita. "Mia na themanini."

Baba alitikisa kichwa. "Hiyo siyo kadi, mama. Hiyo ni pasi."

Kicheko kilimtoka Rula kabla hajakiruhusu, na mzee naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakangoja kiishe.

"Ukiichomeka hiyo, inveta itajizima yenyewe, mimi na wewe sote gizani," aliendelea Baba. "Tumebakiwa na mia na thelathini na tano. Na fundi hajazi ndoo mpaka ukingoni. Tafuta kadi inayokula hamsini, isizidi sabini. Isiwe na tundu la waya wa pembeni; ile inayokula kwenye kitundu chake tu haiwezi kuwa mlafi. Hamsini itatupunguzia betri kama dakika ishirini hivi. Dakika ishirini nakupa, sadaka. Lakini tuandikiane."

"Tuandikiane nini?"

"Mimi sizimi mashine tena. Na wewe, inveta ikilia mlio wa kwanza wa betri kupungua, unazima kompyuta, hata kama imebaki picha moja. Siyo mimi. Kompyuta."

Waliandika. Baba akatia sahihi yake ya zamani, ile yenye mkia mrefu aliyokuwa akiweka kwenye karatasi za ukaguzi.

Siku iliyofuata Rula alirudi dukani akiwa na Baba sikioni. Mzee hakuweza kutoka, lakini alikataa katakata kazi ya nyaya ifanyike bila yeye. Rula aliiweka simu juu ya kaunta, spika imefunguliwa.

"Huyu ni baba yangu," alimwambia muuzaji. "Fundi umeme."

Muuzaji aliacha karanga. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lile dume lako... lirudishe zizini."

"Sawa, mzee. Lakini ni zuri."

"Zuri kwa mwenye malisho. Sisi tunataka mbuzi... mwenye maziwa, asiyekula sana. Unazo ngapi fupi?"

"Mbili."

"Zina tundu la waya wa pembeni?"

"Hazina."

"Chomeka ya kwanza. Iwashe. Weka simu karibu."

"Karibu na nini, mzee?"

"Na feni. Feni mbovu inasema yenyewe."

Muuzaji alimtazama Rula, Rula akatazama dari. Kadi ya kwanza ikachomekwa kwenye kompyuta ya majaribio, ikawashwa, simu ikashikiliwa juu yake kama kikombe cha dawa. Dukani pakawa kimya. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kipanya cha kompyuta naye akasogea kusikiliza.

"Inakwaruza," ilisema simu. "Hiyo imekula vumbi... miezi sita inakufa. Nyingine."

Ya pili ilikuwa haina feni kabisa, ila bati lenye mapezi la kupoza moto. Simu ikasikiliza kimya chake.

"Hiyo," alisema Baba.

"Ngoja kwanza," Rula akaingilia, maana fundi ni fundi ila mchoraji ni yeye. Aliomba kuiwekea programu yake, akafungua nyumba ya kwanza kutoka kwenye flashi, akaishika kwa kipanya na kuigeuza. Nyumba iligeuka. Haikukimbia, lakini iligeuka bila kuganda: paa, kibaraza, dirisha la jikoni, uani. Akaitaka itoe picha moja. Alihesabu kimoyomoyo. Sekunde kumi na nane. Aliihesabu tena ya pili, ikawa kumi na saba, na hapo akasikia kitu kikilegea mabegani mwake, kisha kikakaza upya, kwa sababu mara moja alianza kupiga hesabu ya picha zote na saa zilizobaki mpaka Ijumaa.

Bei ilipunguzwa kidogo baada ya Baba kumuuliza muuzaji kama waya wa soketi yake ya nyuma anaujua ulivyo mwembamba, maana yeye alikuwa akiusikia ukinguruma mpaka simuni. Muuzaji aligeuka kutazama soketi yake kwa wasiwasi. Akapunguza.

Haraka haina baraka. Nyumbani Rula alifungua kasha, akakuta kadi inaingia kitunduni barabara, lakini kibati chake cha kuifungia nyuma ni kirefu, cha kompyuta pana. Kile kifupi hakikuwemo kwenye boksi. Alimpigia muuzaji. "Kilipotea dada, lakini bila kibati inafanya kazi vilevile, iache ining'inie tu."

"Ining'inie?" Baba alisema aliposimuliwa. "Mimi sikuacha hata taa ya choo ining'inie. Kuna msumeno wa chuma kwenye sanduku langu. Kapige kazi uani, mbali na mimi. Hewa hii haitaki mchezo na cheche."

Kwa hiyo Jumatano asubuhi Rula alikuwa ameinama uani, kibati kimebanwa kwenye jiliwa, akikata. Baba alikuwa ameletewa kiti dirishani kwake, mrija puani, akitoa amri kupitia nondo. Usikandamize. Uache msumeno ukate wenyewe. Kata chini ya alama, siyo juu yake. Sasa koleo, kunja. Polepole, bati likikunjwa mara mbili linavunjika. Rula alikata, akakunja, akapiga tupa, akajikwaruza kidole gumba, akanyonya damu, akaendelea. Mkunjo ulitoka umepinda kidogo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuona mstari uliopinda na kuuacha.

Skrubu ikaingia. Kasha likafungwa. Saa sita mchana kadi ilikuwa ikifanya kazi, na Baba, aliyekwishamwagiza amletee mita yake, alisoma mzigo wote wakati kompyuta ikichora kwa nguvu. Mia tano na kumi na mbili. Alisoma mara mbili, akasema "Hmm," na kwa Baba hmm hiyo ilikuwa sherehe.

Nyumba ya kwanza ilimalizika usiku ule Rula akiwa amelala, au amejilaza, maana kila saa alifumbua macho. Alhamisi asubuhi akaanzisha ya pili, mchana ikaisha, akaanzisha ya tatu. Saa nane na nusu umeme ukakatika.

Sasa palikuwa na namba mbili za kutazama. Redio haikufunguliwa. Rula alizunguka kati ya sebule na chumba: anatazama namba ya picha kwenye skrini, anakwenda kutazama namba kidoleni kwa Baba, anarudi. Picha mia na kumi. Tisini na tatu. Picha mia na arobaini. Tisini na nne. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, na umeme haukurudi. Barabarani watu waliulizana kama kwao pia hakuna. Ilipokaribia saa kumi na moja, picha ya mia nne na thelathini ikiwa njiani, inveta ikalia mlio mmoja, mfupi.

Rula alisimama. Zilibaki picha chini ya mia tatu. Betri ingeweza kuvuta, pengine dakika kumi zaidi, pengine ishirini. Umeme ungeweza kurudi dakika hii hii.

"Bado bado," Baba aliita kutoka chumbani. "Mlio wa kwanza ni wa kutisha tu. Acha imalize hiyo—"

"Tuliandikiana, Baba."

"Mimi ni fundi, najua—"

"Ulisema fundi anapumzika. Basi pumzika."

Alizima. Picha zilizokamilika zilikuwa zimehifadhiwa moja moja, hakupoteza kitu isipokuwa ile iliyokuwa njiani. Alikwenda kukaa kando ya kitanda. Umeme ulirudi saa kumi na mbili kasorobo, na betri zilipoanza kujaa tena Baba alikuwa wa kwanza kusema: "Haya, kaiwashe." Rula alikataa. Alitaka betri zipate kwanza pumzi ya usiku mzima, umeme usije ukakatika tena zikiwa tupu.

Ndiyo maana Ijumaa mkandarasi alipofika, saa nne kamili, nyumba mbili zilikuwa tayari na ya tatu, iliyoendelezwa tangu saa tatu asubuhi hiyo, ilikuwa ingali inachorwa. Rula alianza kuomba radhi kabla mgeni hajaingia vizuri. Mkandarasi akamwashiria anyamaze, akavuta kiti. Safari hii alikaa.

Picha ikatembea. Mlango ulifunguka, sebule ikaja, mwanga ukaingia kwa dirisha la kushoto na kuanguka sakafuni. Mkandarasi aliitazama mpaka ikaisha. "Irudie," alisema. Ikarudiwa.

Wakati huo Baba alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni, mrija wake ukimfuata sakafuni. Alisalimia, akasalimiwa, akasogea mpaka nyuma ya viti vyao.

"Simamisha hapo," alisema. "Hapo jikoni. Hiyo swichi nani kaiweka nyuma ya mlango?"

Rula alitamani kumziba mdomo kwa mto. "Baba, hizi ni picha za kuonyesha wateja tu."

"Mzee wangu," mkandarasi alisema kwa upole, "mteja haangalii swichi."

"Haangalii siku ya kununua," alijibu Baba, akivuta hewa. "Ataiangalia siku ya kuingia... mikono imejaa mizigo, nje kumekwisha giza. Atasukuma mlango, mlango utaifunika swichi... atapapasa ukuta kama kipofu. Na atakutukana wewe, hatamtukana mchoraji."

Mkandarasi aliinama akaisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Nyumba zangu zote zina mlango huu," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Kisha akamgeukia mzee. "Na soketi ile juu ya sinki?"

"Nilikuwa nangoja uone mwenyewe."

Walibishana nusu saa, Baba kwa pumzi fupi na mkandarasi kwa sauti yake nene, huku Rula akihamisha swichi, akihamisha soketi, akirudisha, akihamisha tena. Kila badiliko lilimaanisha picha mpya za jikoni, mamia ya picha mpya, sekunde kumi na nane kwa kila moja. Alizihesabu na akaacha kuhesabu. Mkandarasi alipoinuka alisema kazi ameipenda, aliyoiona atawaonyesha wateja kesho hivyo hivyo, na zilizorekebishwa azipate Jumanne. Mlangoni akageuka.

"Nyumba ya nne na ya tano zinaanza mwezi ujao. Nitakuletea. Na mwambie mzee asichoke."

Rula alifunga mlango, akarudi mbio mbio sebuleni, akiwaza aanze na jiko la nyumba ya kwanza au aiache ya tatu iishe. Baba alikuwa amekalia kiti cha mgeni, mrija umejikunja miguuni, uso karibu na skrini.

"Na bafuni?" aliuliza. "Hebu tuingie bafuni tuone."

Wakaingia. Bafuni walikuta makosa mawili.